Fabien Ameonekana Sokoni

Baraka, tarehe 5 mwezi wa pili 2024

Yaya Rosette,

Nakuandikia kwa karatasi juu simu ya nyumbani Mboko haifai kwa maneno haya. Mama hasikii vizuri, anafungulia sauti ya inje, na kila kitu ninasema kinasikiwa na Mama, na jirani Suzanne, na kuku za Suzanne. Barua hii nimeipa Willy wa pikipiki. Nimemuambia aiweke ndani ya mukono wako wewe, si wa muntu mwingine.

Kilio ya yaya Fabien, mukubwa wetu, tumeiondoa jumamosi, matanga yameisha. Usijisikie vibaya juu haukufika. Nani angebaki na Mama, na ungemuambia unaenda wapi umebeba chungu na mukeka? Baba mudogo Anatole alikuja toka Lweba na bantu bake. Balisali, balikula, kisha tukagawa nguo za marehemu kama kawaida. Suruali zilienda kwa batoto ba baba mudogo, viatu kwa rafiki yake wa kazi ya kujenga. Mi nilipewa koti. Ile ya buluu yenye mistari ya manjano mabegani, ile ambayo Baraka nzima hakuna mwingine iko nayo, ile aliyokataa kuniazima hata siku mvua ilininyeshea mpaka meno yakagongana. Baba mudogo alinivalisha yeye mwenyewe mbele ya bantu bote. Akasema nguo ya marehemu haifungiwe ndani ya sanduku, inavaliwa mpaka iishe, njo heshima yake. Sasa ukikuta mudogo amevaa nguo ya mukubwa wake hivyo, kila muntu anajua maana yake.

Nilifikiri kila muntu anajua. Lakini bantu wanaona koti, habaoni mimi. Sura yangu niliichukua kwa Mama, lakini mugongo ni wa upande wa baba, wa Mutambo kabisa, na mwendo ni ule ule wa Fabien, miguu inaangalia pembeni kama ya bata. Jana nilipita sokoni, muntu akanipiga mugongoni kwa nguvu: "Fabien, ulipotelea wapi, choo yangu utaimaliza lini?" Nikageuka. Akaona sura yangu, akacheka, akasema samahani, yeye mwenyewe iko wapi? Nikamuambia ukuta ulimuangukia mwezi wa kumi na moja. Alikaa chini pale pale karibu na mihogo ya bantu. Mwenye mihogo naye akaanza kulia, na hakumujua hata kidogo.

Mama anaendelea kuuliza? Bado munamuambia Fabien iko Misisi kwenye machimbo ya zahabu, kusikokuwa na rezo ya simu?

Mudogo wako,
Eddy


Mboko, tarehe 10 mwezi wa pili 2024

Eddy mudogo wangu,

Barua nimeipata. Nimeisomea shambani, nimeichoma shambani. Usiniandikie mambo ya kuku, nilicheka peke yangu kati ya mihogo na Suzanne akaniona, sasa anafikiri nimepata muchumba.

Unauliza kama bado tunamuambia Misisi. Ulitaka tumuambie nini? Ukumbuke vizuri. Wiki ile ukuta ulimuangukia Fabien, Mama alikuwa ametoka kitandani kwa kituo cha afya, mudomo umepinda, mukono wa kushoto haushiki kikombe. Muganga aliniita inje akasema: huyu mama akishtuka tena, haamki. Ni mimi nilisikia maneno hayo, si wewe. Baba mudogo alikubali, wewe ulikubali. Tulisema tungoje apone.

Anapona, kweli. Mudomo umerudi. Anatembea mpaka kisimani na fimbo. Lakini presha bado iko juu, na kila asubuhi anauliza, "Fabien ametuma habari?" Ninasema Misisi hakuna rezo. Anasema, "Machimbo gani hayo hayana hata muntu mumoja wa kutumwa." Kisha anakunywa uji.

Wewe unasema umechoka na bantu ba soko. Mi nalala chumba kimoja na Mama. Sijamulilia Fabien hata siku moja ndani ya nyumba hii. Nalia shambani, narudi, nanawa uso, nasema ni vumbi. Basi vaa koti, Baba mudogo amesema. Ukiitwa, geuka, sema ukweli polepole, endelea na njia yako.

Dada yako,
Rosette


Baraka, tarehe 23 mwezi wa pili 2024

Yaya,

Sema ukweli polepole, unasema. Nimesema. Nimeusema kwa muuza mukate, alishika mukono wa koti akauweka puani, akanusa, akaniambia harufu bado ni yake. Nimeusema kanisani wakati wa kutoa sadaka, nikiwa kwa foleni, na muntu wa nyuma yangu aliyeniita alishindwa kufika mbele, akarudi kukaa. Nimeusema bandarini kwa bavuvi. Mumoja alinikasirikia mimi, akasema huu si muchezo wa kucheza, vua koti ya mwenzako. Nikamuonyesha kitambulisho changu, Mutambo, ndugu yake, tumbo moja. Akaomba radhi, akanipa mikeke mbili, nikarudi nyumbani na samaki na sikuweza kula.

Kisha mama mumoja wa milimani, Uwamwiza, anateremshaga maziwa siku ya soko. Kumbe yaya Fabien alimujengea jiko bila kumuomba kitu, mwaka ule wa mapigano bantu ba hapa habakutaka hata kuongea na bantu ba kule juu. Hakutuambia, unajua alivyokuwa. Yule mama aliniita kwa nyuma, "Fabien mwanangu," nikageuka, nikamuambia. Hakulia. Alinimiminia maziwa ndani ya kikombe, akasimama mpaka nikamaliza, akachukua kikombe chake akaenda.

Yaya, mi njo ninamuzika Fabien kila siku. Bengine balimuzika mara moja, bakarudi nyumbani. Mi nikitoka kununua sabuni ninamuzika, nikienda kunyoa ninamuzika. Nimechoka. Nikukatie maneno: siku hizi muntu akiniita toka mbali, "Fabien!", sigeuki. Ninainua mukono tu, kama yeye alivyokuwa anafanya, juu na chini mara moja, na ninaendelea. Muntu anafurahi, mi ninafika nyumbani. Ubaya iko wapi?

Eddy


Mboko, tarehe 4 mwezi wa tatu 2024

Eddy,

Sijui kama ni wewe au ni Mungu, lakini jana Mama alicheka.

Unamujua Constance, yule anauzaga mawese, anayeteremka Baraka na camion ya mizigo kila wiki. Alikuja hapa bila hata kupiga hodi. "Mama Fabien, nimemuona mutoto wako! Sokoni Baraka, na koti yake ya buluu. Nilimuita akaniinulia mukono, iko na haraka zake kama kawaida." Mi nilikuwa ninapepeta muchele, ungo ukanitoka mukononi. Mama akanyanyuka bila fimbo. Akamushika Constance mikono yote mbili, akamuuliza amekonda, amenenepa, amevaa viatu? Constance akasema iko muzima kabisa. Mama akaomba bugali. Alikula bugali na majani ya sombe, Eddy, akaomba tena. Tangu mwezi wa kumi sijamuona hivyo. Na leo muganga amempima, presha imeshuka.

Nilimuambia Mama kwamba Fabien ametoka Misisi siku chache tu kuleta mizigo, atarudi huko.

Sasa nisikilize. Usimukatalie muntu wa Mboko akikuita Fabien. Siku ya soko upite pale bamama ba Mboko banashukia na mawese yao. Usikaribie, usiongee. Pita ng'ambo ya barabara, inua mukono, uende. Wiki mbili, tatu, mpaka Mama apate nguvu. Halafu tutamukalisha chini na kumuambia yote.

Najua unachotaka kusema. Usiseme. Ungemuona anavyokula.

Rosette


Baraka, tarehe 15 mwezi wa tatu 2024

Yaya,

Nimepita. Wiki ile na wiki hii.

Mara ya kwanza ilikuwa rahisi, waliita, nikainua mukono. Mara ya pili Constance alipaza sauti toka ng'ambo, "Fabien, mama yako anakuuliza, utakuja lini kumuona?" Nikaendelea kutembea. Nilisikia bamama bengine bananong'ona. Mumoja akasema, "Kwani ana nini huyu?" Nikakunja kona, nikaingia nyuma ya boutique moja, nikavua koti, nikaikunja kwapani, nikarudi na njia ya ziwa.

Sitapita tena. Unisamehe, lakini sitapita. Si kwa sababu ya koti. Ni ile sauti ya Constance. Alikuwa ameanza kumuchukia Fabien, na Fabien hakufanya kitu.

Umuambie Mama.

Eddy


Mboko, tarehe 26 mwezi wa tatu 2024

Kwa Fabien Mutambo, Baraka

Mwanangu,

Ni mimi mama yako. Anayeandika ni Suzanne jirani, juu dada yako Rosette nimemuomba mara tatu aniandikie na kila mara ana kazi shambani. Barua hii inapita kwa Constance, atamupa Eddy, Eddy atakupa. Eddy hajui kutulia, lakini barua ataifikisha.

Nilipougua hukuja. Nikasema iko kazini. Mudomo wangu ulipinda nikawa ninakula kama mutoto, uji unatoka pembeni, hukuja. Nikasema iko Misisi, mbali, hakuna rezo. Sasa bantu wanakuona Baraka. Si muntu mumoja. Constance amekuona, na bamama bengine bamekuona. Wanakuita kwa ajili yangu, unainua mukono kama bwana mukubwa na unapita. Toka Baraka mpaka hapa ni safari ya nusu siku, Fabien. Hata bariyeri za barabarani zikiwa nyingi. Mi nilikubeba mugongoni toka Nundu mpaka Mboko wakati wa vita, kwa miguu, nikiwa na mimba ya Rosette.

Nilijiuliza nilikukosea nini. Nilifikiri labda ni mwanamuke. Kama uko na mwanamuke anayekukataza, muambie mi sitaki kitu chake, sitakuja kukaa kwake, nataka kukuona tu. Nilikuwa ninamuambia Suzanne hivyo mpaka juzi. Juzi Constance amerudi, akaniambia ukweli ambao alikuwa ananificha: alikuuliza kwa mudomo wake utakuja lini kumuona mama yako, na haukugeuza hata shingo.

Basi nimesikia. Kanisani bananiuliza, Mama Fabien, mutoto iko muzima? Ninaitwa kwa jina lako, siwezi kutoka nyumbani bila bantu kuniita kwa jina lako, na mwenye jina hanitaki.

Siku nitakufa, usije. Usitupe udongo juu yangu. Atatupa Eddy, atatupa Rosette, wewe usiguse. Nimesema mimi niliyekuzaa, na Suzanne ni shahidi.

Mama yako


Baraka, tarehe 30 mwezi wa tatu 2024

Yaya Rosette,

Hii hapa barua ya Mama, nakutumia yenyewe. Kaa chini kwanza.

Umesoma? Yale maneno ya mwisho njo nimeyasoma nikiwa nimekaa kaburini kwake, juu sikujua niende kusomea wapi. Yaya, unajua mama akisema neno kama hilo juu ya mutoto wake linavyokuwa laana. Hapa kwetu hakuna asiyejua. Na amelisema mbele ya shahidi, kwa karatasi, juu ya muntu ambaye iko chini ya udongo tayari na hawezi kwenda kupiga magoti kuomba musamaha.

Nilitaka kumujibu kwa jina la Fabien. Nilianza, "Mama, nisamehe." Nikachana. Siwezi kumuandikia mama yangu na mukono wa marehemu.

Umuambie leo. Mupeleke kwa muganga, umuambie mbele ya muganga, na dawa ikiwa pale. Au niambie nije mimi nimuambie. Mapigano ya njiani yametulia kidogo, Willy anapita. Lakini asibaki na hasira hiyo hata siku moja zaidi. Nakuomba kama mudogo wako.

Eddy


Mboko, tarehe 4 mwezi wa nne 2024

Eddy,

Nimekaa chini. Nimesoma. Nimelia, na safari hii nilisahau kwenda shambani.

Mama aliniuliza nalia nini. Nikasema jino. Akanichemshia maji ya chumvi. Ninasukutua chumvi ya jino ambalo haliumi, na Mama ananishika shavu, halafu wewe unaniambia nimuambie leo. Nimuambie nini? Kwamba aliyemunyima udongo, udongo tayari umemufunika? Presha imepanda tena tangu ile barua, muganga amenigombeza. Nikimuambia sasa nitamuua, na nitabaki na maiti mbili na neno lake likiwa limesimama pale pale, hakuna wa kuliondoa. Umefikiria hilo? Mi nalifikiria kila nikifunga macho.

Nipe wiki mbili. Amekubali kunywa dawa asubuhi na jioni. Nimeongea na muganga, amesema tarehe 20 tumulete, atakuwepo. Wewe uje siku hiyo na Baba mudogo Anatole. Tutamuambia sote.

Usiniandikie tena kabla ya siku hiyo. Na usikasirike. Nilitaka aishi tu.

Rosette


Mboko, tarehe 11 mwezi wa nne 2024

Eddy, simu yako haipatikani, nimeipiga mpaka nimechoka. Nampa Willy barua hii, nimemuambia asisimame popote.

Mama hayuko nyumbani. Nilitoka shamba saa nane nikakuta mulango umefungwa na fimbo haiko. Suzanne anasema amepanda camion ya mawese pamoja na Constance. Amevaa kikwembe chake cha kanisa. Amemuambia Suzanne, "Nimeishasema maneno makubwa, nataka kumuangalia mwenyewe usoni nijue kama ni kweli." Kesho ni siku ya soko.

Vua koti, Eddy. Usitoke nayo. Nakuja nikipata chombo cha kusafiria.

Rosette


Baraka, tarehe 14 mwezi wa nne 2024

Yaya Rosette,

Willy alifika jumamosi, soko limeishapita. Barabara ilifungwa, alilala njiani. Amekuambia kwamba Mama iko muzima, basi shika hilo kwanza, mengine nakueleza.

Ilikuwa asubuhi ya soko. Nilikuwa nimeinama kwa muuza misumari, ninachagua, koti iko mwilini, nimetoa mugongo kwa barabara. Nikasikia kwa nyuma yangu, si kwa kelele, kwa sauti ya nyumbani: "Fabien." Sikuinua mukono. Mwili wote ulijua ni nani. Nilitamani nibaki nimeinama hivyo mpaka aende.

Akanishika begani. Nikageuka.

Aliniangalia usoni, nikaona kwanza amefurahi kuniona mimi, akaanza kusema "Eddy, kumbe ni..." Halafu macho yake yakashuka. Yaya, hakuniuliza Fabien iko wapi. Aliangalia koti. Alishika kola, akapitisha kidole kwa ule mustari wa manjano wa begani, mpaka mwisho. Anajua Fabien hakumuazima muntu koti hii. Anajua mudogo anavaa lini nguo ya mukubwa wake. Hakuna muntu alimuambia, si mimi, si Constance, Constance alikuwa amesimama pale na kidumu cha mawese na hakuelewa kitu.

Akauliza, "Lini?"

Nikasema mwezi wa kumi na moja.

Akauliza, "Nani alimuosha?" Nikasema baba mudogo Anatole na mimi. Akatikisa kichwa kukubali. Akauliza kama alikaa na maumivu. Nikasema hapana, ukuta ulimumaliza mara moja. Huo ni ukweli, yaya, sikumudanganya. Kisha akakaa chini, na ile mikono yake imelala juu ya magoti, na bamama ba sokoni bakaja bakamuzunguka na vikwembe ili jua lisimupige. Hakulia. Nilikuwa naomba alie. Baada ya muda akasema, "Nilimukataza udongo wangu." Akarudia. Constance akaangusha kidumu, akaanza kupiga makelele yeye.

Yuko kwangu. Muganga wa hapa amempima, presha si mbaya kama ulivyoogopa. Ameuliza kama kuna barua nyingine ulizoniandikia, nikasema ziko. Amesema nimusomee zote. Nimemusomea zako zote, yaya. Na zangu, zile nilikutumia wewe, nimemueleza kwa mudomo. Unisamehe, sikuweza kukataa.

Eddy


Mboko, tarehe 18 mwezi wa nne 2024

Mama,

Sijui nianzie wapi. Ninaanza na magoti. Ukisikia Eddy anasoma hapa, ujue nimepiga magoti kweli, Suzanne iko pale mulangoni ananiona.

Nilikuwa na woga, Mama. Niliona mudomo wako ulivyopinda usiku ule, nikasema huyu hatakufa mikononi mwangu. Baba mudogo alikubali lakini wazo lilikuwa la kwangu. Misisi ilikuwa ya kwangu. Kumutuma Eddy apite mbele ya bamama ilikuwa ya kwangu. Yeye alikataa, umesikia mwenyewe. Kama kuna hasira, iniangukie mimi. Ile ya Fabien uiondoe, nakuomba, na kama ni lazima neno lile likae juu ya muntu, liweke juu yangu.

Uliniuliza mara nyingi kwa nini siku hizi sikuimbii asubuhi. Njo sababu.

Chombo nimekipata, natoka hapa mara tu ukiniruhusu. Bila ruhusa yako siwezi kuja, sina uso. Nakungoja.

Mutoto wako,
Rosette


Baraka, tarehe 21 mwezi wa nne 2024

(Yaya, ni mimi Eddy ninaandika, lakini maneno ni ya Mama. Amenikataza kuongeza wala kupunguza.)

Rosette,

Musamaha wako nimeusikia. Eddy amenisomea mara mbili, mara ya pili nilimuambia asome polepole. Inuka, magoti yako unayahitaji kwa shamba. Neno baya siwezi kulihamisha toka kwa mutoto mumoja nikaliweke kwa mwingine, mi si muchuuzi wa maneno.

Najua mulitaka nipone. Muganga alisema nisishtuke, na nyinyi mukafanya nisishtuke. Nimepona. Ninakula, ninatembea, mukono unashika kikombe. Lakini usikilize kile mulinifanya, juu nikikaa nacho peke yangu kitaniua kuliko presha.

Nyinyi mulikaa chini kwa ajili yake. Mulipika, mulisali, mulimutaja jina, kila muntu akasema Fabien alikuwa muntu muzuri. Wewe ulikuwa na shamba la kulilia. Mimi nilikuwa ninamusema. Nilimusema kwa Suzanne, nilimusema kisimani, nilimusema kanisani mbele ya bantu. Nilisema hana roho. Nilisema amesahau maziwa yangu. Mutoto iko ndani ya udongo na mama yake anamutukana mwezi muzima. Nyinyi mulimulilia, mi nilimukasirikia. Hayo hayarudi, Rosette. Hata nikilia mpaka macho yatoke, mwezi huo ulipita na mi nilikuwa na hasira naye.

Neno la udongo nimeliondoa. Nilienda kaburini na Eddy na Anatole, nikachukua maji mudomoni nikayapuliza juu yake, nikasema niliyoyasema nimeyarudisha mwenyewe. Anatole anasema sikuhitaji hata kufanya hivyo, neno la mama halimushiki marehemu. Anatole hajazaa Fabien, hawezi kujua.

Anatole anasema pia kwamba kilio iliondolewa mwezi wa pili na kilio haikaliwi mara mbili. Nimemuambia ile ilikuwa yenu. Mimi yangu nimeianza juzi. Nimetandika mukeka ndani ya nyumba ya Eddy na nimekaa chini. Bamama ba hapa banakuja kukaa na mimi, hata yule wa milimani alikuja na maziwa yake, akakaa karibu na mulango mpaka jioni.

Kuja. Uniletee kikwembe cheusi, kiko chini ya sanduku, na dawa za mwezi huu. Suzanne akitaka kukusindikiza aje. Njiani kwa bariyeri bakikuuliza unaenda wapi, usiseme unaenda kumusalimia mama yako. Sema unaenda kwa kilio. Bakiuliza nani amekufa, sema kaka yangu Fabien. Bakiuliza lini, sema wiki hii.

Mama Fabien